Visiki vya Simbo

Karatasi iliyowaongoza mgambo hadi kwenye nyumba tisa zilizojificha msituni juu ya kijiji cha Simbo niliibandika mimi ukutani, kwa uji wa unga wa muhogo, katika darasa la Kidato cha Tatu. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizopokea katika maisha yangu ya kufundisha Baiolojia. Ilikuwa na mchoro wa eneo, hesabu ya visiki, tawi dogo la mti wa mtundu lililokaushwa na kushonwa kwa uzi mweupe, na kwenye kona ya chini kulia ilikuwa na lebo iliyojazwa kila kipengele kama nilivyofundisha: mmea, tarehe, mkusanyaji, mahali. Mahali palijazwa kuliko kipengele kingine chochote. Aliyeiandika alikuwa na miaka kumi na saba. Shuleni aliitwa Jenerose Bikuba, na nyumba ya tatu kati ya zile tisa ilikuwa ya mama yake.

Haya yalinirudia mwezi uliopita nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki, nje kidogo ya Ujiji, katika mazishi ya aliyekuwa mkuu wetu wa shule. Nilisafiri siku mbili kwenda kumzika mtu ambaye sikumpenda, kwa sababu nilitaka kusikia watasema nini juu yake. Msomaji wa wasifu alikuwa kijana mwenye tai pana na sauti nzuri. Alisoma kwamba marehemu alikuwa mpenda mazingira, na kwamba chini ya uongozi wake shule ilitunukiwa cheti kwa mchango wake katika kuokoa msitu. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Alikuwa mtu wa miti kwelikweli." Baadaye tukagawiwa wali na maharage. Maharage yalikuwa mazuri, yamewekwa mawese kidogo kama wanavyofanya kule, lakini kila nilipoinua kijiko niliona mkono wangu mwenyewe wa ujanani ukipaka uji wa muhogo nyuma ya karatasi ile. Nikaweka sahani chini ya kiti. Kuku akaja akala.

Mwaka ule nilikuwa mwalimu mgeni. Nilipanga chumba kwa Bi Zaituni, mjane wa Ujiji, katika nyumba ndefu ya matofali ya udongo yenye ukumbi katikati na vyumba sita pembeni. Chumba changu kilipakana na cha mfanyabiashara aliyenunua dagaa ufukweni Katonga na kuwalundika humo kwa magunia akisubiri treni. Harufu ilipita ukutani. Iliingia kwenye nguo, kwenye madaftari ya wanafunzi, kwenye mkate. Baada ya wiki tatu sikuisikia tena, na leo najiuliza ni vitu gani vingine niliacha kuvisikia mwaka ule. Jioni wanawake wa jirani walikuja ukumbini kusuka ukili na kusema. Mada ilikuwa moja tu, wakimbizi, maana kila wiki walikuwa wanavuka kutoka Burundi, na waliokuja zamani walikuwa hawajarudi.

"Warundi wamemaliza kuni nchi hii," alisema mmoja jioni moja. "Ukitazama kule juu ni upara mtupu."

"Na wewe kuni zako unanunua kwa nani?" Bi Zaituni akamuuliza.

"Kwa Mrundi. Nani mwingine anazo?"

Wakacheka wote. Bi Zaituni akaendelea kusuka, kisha akasema bila kuinua macho, "Babu yangu naye alitoka ng'ambo ya ziwa. Hakuwa na cheti cha mtu. Alikuwa na kikapu." Tukaletewa ugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo na samaki mgebuka wa kukaanga, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya sukari.

Shuleni hapakuwa na maabara. Palikuwa na darubini moja isiyo na lenzi na stoo iliyojaa madawati yaliyovunjika. Kwa hiyo somo la mimea nililitoa nje. Nilifunga matete manne kuwa mraba wa hatua moja kila upande. Tuliuweka chini mahali popote, tukahesabu kila kilichoota ndani yake. Tulikausha mimea katikati ya magazeti ya zamani chini ya mawe, tukaishona kwenye karatasi ngumu, fundo nyuma lisionekane. Na kwa kila mmea lebo. Nilikuwa na msemo wangu, nikiwa na kiburi cha mwalimu mpya: mmea usio na mahali ni majani ya mbuzi tu. Niliuliza, "Mmea usio na mahali?" na darasa zima likaitikia, "Ni majani ya mbuzi!" Waliipenda sana hiyo. Niliwaeleza kwamba mtu atakayesoma lebo baada ya miaka mingi lazima aweze kutembea kwa miguu yake hadi pale mmea ulipochumwa. Nilisisitiza hayo maneno, kwa miguu yake.

Jenerose alikuwa ameandikishwa kama binti wa Mzee Bikuba, mkulima wa Simbo. Mzee Bikuba alikuwa Mha, na Kiha na Kirundi vinasikilizana kama ndugu wawili, kwa hiyo binti wa Kirundi kupita kama wake halikuwa jambo gumu. Mzee alitia sahihi fomu, akamnunulia sare, na siku za shule binti akalala kwake. Jumamosi alipanda msituni kwa mama yake, kwenye familia za Warundi waliokataa kuishi kambini, wakawa wanawalimia wanakijiji ili wapate chakula. Sheria ilisema mkimbizi akae kambini. Kijiji kilisema mihogo inahitaji palizi. Mkuu alijua, walimu tulijua, na wanafunzi walijua kuliko sisi. Wavulana wawili wa nyuma walikuwa wakimwita "Unga wa Njano," kwa ajili ya unga wa mahindi wa msaada uliokuwa ukigawiwa kambini.

"Unga wa Njano, hebu tuazime rula."

"Unga wa njano unaliwa," Jenerose alijibu siku moja, akampa rula. "Ubongo wako wewe hata kuku hagusi."

Nilijifanya naandika ubaoni ili wasinione nikicheka.

Baada ya vipindi alibaki stoo kunisaidia kugeuza magazeti ili mimea isioze. Alikuwa na vidole vyembamba vyenye sugu za jembe, na alishona haraka kuliko mimi. Siku moja akaniuliza kwa nini kitabu kinasema mti uliokatwa umekufa. Nilimwambia kitabu hakisemi hivyo hasa. "Basi watu ndio wanasema," akajibu. "Madamu, kisiki hakijafa. Mama anasema ukikata kwa kimo cha goti, kinarudi. Ukichimba mzizi, hapo ndipo umeua."

"Mama yupi? Mama Bikuba?"

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Mama."

Sikuuliza tena. Akaeleza kwamba kisiki cha mtundu hutoa machipukizi kumi, kumi na tano, yakigombana. "Tunaacha moja, lile lililosimama. Mengine tunapunguza, tunawapa mbuzi. Mwaka wa tatu unapata nguzo na kisiki bado kizima." Nilisikia ile "tunaacha." Nikamwambia hiyo ndiyo iwe kazi yake ya muhula: aweke mraba, ahesabu visiki, apime machipukizi, alete tawi. Aliuliza, "Hata kule?" Nikasema ndiyo, hasa kule. Macho yake yakang'aa. Nayakumbuka vizuri kwa sababu nimetumia miaka mingi kujaribu kuyasahau.

Alileta karatasi ile wiki mbili baadaye. Visiki arobaini na kimoja; thelathini na vinane vimechipua, na katika karibu vyote chipukizi moja limeachwa kwa makusudi. Mahali: *Juu ya Simbo. Acha barabara penye jiwe lililopasuka. Fuata kijito kupanda hadi matete ya tatu. Ng'ambo ya matete, nyumba tisa. Visiki viko nyuma ya nyumba ya tatu.* Nikampa alama zote. Sikuwa nimewahi kumpa mtu alama zote.

Wiki iyo hiyo Mkuu alitangaza mkutanoni kwamba shule itafanya maonyesho ya mazingira na kwamba mgeni rasmi atakuja na ujumbe wake. Alikuwa mtu mnene, mwenye leso begani, aliyependa kusema "suala hili ni nyeti" hata akizungumzia vyoo. Alitaka michoro. Ilipoletwa, mingi ilikuwa namna moja: mtu mwenye shoka, mtu mwenye mzigo wa kuni, na juu yake kwa herufi kubwa MKIMBIZI. Mmoja ulimwonyesha mtu mwenye meno kama ya panya akitafuna mti. Mkuu alicheka mpaka akafuta macho kwa leso. "Huu uwekwe mlangoni," alisema. "Mgeni auone wa kwanza." Nikaamua kujibu kwa njia niliyoijua. Nikachukua karatasi ya Jenerose, nikaibandika kando ya yule mtu-panya, iwe ushahidi wa takwimu dhidi ya kikaragosi. Nilijiona jasiri.

Mwalimu Athumani alikuwa akifundisha Jiografia, mzaliwa wa Ujiji, mtu wa mizaha mirefu. Aliisoma ile karatasi mikono ikiwa nyuma, akaisoma tena, na hakufanya mzaha.

"Dada, hii ina njia," alisema.

"Ina lebo."

"Mimi nafundisha ramani. Hii ni ramani. Kata ile kona tu. Inchi mbili."

"Nikikata mahali inabaki majani ya mbuzi."

Akanitazama. "Basi iwe majani ya mbuzi kwa siku moja. Mbuzi atakufa?"

Nilimwambia kwamba mgeni rasmi hatasoma maandishi madogo, na kwamba kazi isiyo kamili ingempa Mkuu sababu ya kuing'oa. Yote mawili niliyaamini. Lakini chini yake palikuwa na jambo la tatu ambalo sikulisema: kazi ile ilikuwa kamili, na ukamilifu wake ulikuwa wangu. Sikutaka mkasi uuguse.

Wageni wakaja Ijumaa. Mgeni rasmi aliupita ule mchoro wa mlangoni akicheka, akasimama mbele ya karatasi ya Jenerose labda kwa sababu tawi lilikuwa limeshonwa vizuri. Nyuma yake alikuwapo mtu mwembamba mwenye shati la mikono mifupi na daftari dogo. "Nani kafanya hii?" Mimi ndiye niliyemwita. Nilimshika Jenerose bega, nikamsogeza mbele, nikamwambia awasomee wageni. Akasoma hesabu ya visiki, akaeleza chipukizi moja lililosimama, akaeleza kimo cha goti. Alisoma kwa sauti safi. Alipofika kwenye kona ya chini akanyamaza. Nilidhani ni aibu ya mtoto mbele ya wakubwa.

"Soma yote, Jenerose," nikasema. "Na mahali."

Akageuka akanitazama. Sikuona hasira usoni pake. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake agundue mwenyewe alichosema. Mvulana wa rula alikuwa ameinamisha kichwa. Hata yeye alikuwa ameelewa. Nikaitikia kwa kichwa kumhimiza. Akasoma.

"Rudia hapo kwenye jiwe," akasema mtu mwembamba, akiandika.

Akarudia.

"Mtoto hodari huyu!" mgeni rasmi akasema. "Huyu ni wa chuo cha misitu. Apigiwe makofi ya kilo!" Mkuu akahesabu, "Moja, mbili, tatu," na shule nzima ikampigia.

Chakula kiliandaliwa ofisi ya walimu. Meza zilifunikwa vitambaa vya kanisani, palikuwa na migebuka, kuku, ugali, na bakuli la mawese mekundu. Mtu mwembamba alikaa mkabala nami. Alikula polepole, akitoa miiba kwa ncha za vidole na kuipanga ukingoni mwa sahani. Mkuu alimmiminia soda. "Nyumba tisa," mtu yule akasema, kama anayesifia mboga. "Si haba. Tulikuwa tunazitafuta tangu masika." Mkuu akasema, "Suala hili ni nyeti," kisha akacheka. Athumani akasimama akatoka na sahani yake ikiwa imejaa. Mimi sikutoka. Nilikula mgebuka mzima. Najua ni mzima kwa sababu nakumbuka kichwa: nilikifyonza. Nimesoma kwamba mtu mwenye majuto hupoteza hamu ya kula. Mimi ilinipotea baadaye sana, siku ambayo haikuwa na faida kwa mtu yeyote. Mchana ule Simbo haikuwa mbali. Ningeazima baiskeli ningefika kabla ya jua kuzama. Badala yake Mkuu aliniomba niandike taarifa ya maonyesho, nami nikakaa nikaiandika kwa mwandiko mzuri, nikijiambia kwamba kesho ni Jumamosi na serikali haifanyi kazi Jumamosi.

Athumani alitoka alfajiri kwa baiskeli. Alikutana na lori likirudi. Alikuja moja kwa moja kwa Bi Zaituni, akakaa ukumbini bila kuvua kofia. "Limejaa," alisema. "Kuna bibi amepakata kuku kwenye kapu, na mgambo anamwambia kuku haandikishwi kambini. Wanabishana juu ya kuku, Dada. Nyumba zinawaka nyuma yao na wao wanabishana juu ya kuku." Nilimuuliza kama amemwona Jenerose. Hakumwona. Bi Zaituni alikuwa mlangoni na ufagio. Alinitazama kwa muda, halafu akaanza kufagia, akaanzia miguuni pangu.

Jumatatu dawati la Jenerose lilikuwa tupu na Mzee Bikuba alikuwa amesimama nje ya ofisi, kofia mkononi. Mlango haukufungwa, tulisikia wote.

"Mkuu, namtaka binti yangu."

"Mzee, sote tunajua si binti yako."

"Fomu nilitia sahihi mimi."

"Ndiyo maana nakushauri urudi nyumbani kimya. Sahihi hiyo inaweza kukuletea shida."

"Miaka miwili nimekula naye sahani moja," Mzee akasema. "Wewe umekula naye lini, hata ujue ni wa nani?" Akatoka. Alipopita karibu nami nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitikia marahaba, maana ndivyo alivyolelewa, lakini hakusimama. Nilimfuata mpaka njiani. Aliniambia kwamba Jumamosi asubuhi Jenerose alisikia lori kabla ya mtu mwingine, akakimbia kupanda msituni kumwonya mama yake. Mama alionekana akipandishwa kwenye lori. Jenerose hakuonekana akipandishwa, wala akishuka kilimani.

Nilikwenda kambini mara mbili. Kwenye orodha niliyosomewa hakuwapo Jenerose wa Bikuba wala Jenerose mwingine wa umri wake. Mama yake sikuruhusiwa kumwona mara ya kwanza. Mara ya pili niliambiwa amehamishiwa kambi nyingine, na aliyeniambia hakujua ipi.

Mwezi wa kumi nilipanda Simbo na mraba wangu wa matete, nikiwa peke yangu. Ilikuwa rahisi. Jiwe lililopasuka, kijito, matete ya tatu: lebo ilikuwa sahihi, nilitembea kwa miguu yangu hadi pale. Nyuma ya mabaki ya nyumba ya tatu palikuwa na mashimo. Watu walikuja baada ya Warundi kuondolewa, wakang'oa visiki vyote na mizizi yake, wakachoma mkaa. Nilihesabu mashimo arobaini na moja. Jioni ile nilikuta gunia jipya la mkaa ukumbini kwa Bi Zaituni, limeletwa na jirani yake, yule aliyesema kule juu ni upara mtupu. Cheti cha kuokoa msitu kilifika kabla ya likizo. Kilitundikwa ofisini ndani ya fremu ya mbao ya mninga. Kina majina mawili: la Mkuu, na la mwalimu mlezi, ambalo ni langu. Niliomba uhamisho.

Baada ya mazishi, mwalimu wa sasa wa Baiolojia, binti mchangamfu aitwaye Rehema, alinitambua kwa jina. "Madamu, tuna boksi lako," akasema, akanipeleka stoo. Ni stoo ile ile. Boksi lilikuwa la sabuni, na ndani wadudu walikuwa wamekula karibu kila kitu. Lebo zimebaki, mimea imekuwa unga. Karatasi ya Jenerose haikuwamo, maana yule mtu mwembamba aliondoka nayo siku ile. Lakini chini kabisa palikuwa na karatasi moja ambayo sikuwahi kuipokea. Karatasi ni ya aina nyingine, nyembamba, yenye mistari. Juu yake limeshonwa tawi la mtundu kwa uzi mweupe, fundo nyuma. Lebo imeandikwa kwa herufi kubwa tupu. Mmea: mtundu, chipukizi la kisiki. Kimo cha kisiki: goti. Tarehe ni ya miaka miwili baada ya mimi kuondoka. Kwenye mkusanyaji pameachwa wazi. Kwenye mahali pamepigwa mstari mmoja kwa rula, na juu ya mstari hakuna kitu.

"Hiyo niliikuta," Rehema akasema. "Nilitaka kuitupa. Haina mahali."

Nilimuuliza ililetwaje. Hakujua, wala mlinzi mzee wa lango hakukumbuka. Nilifundisha darasa zima kushona hivyo, na herufi kubwa hazina mwandiko. Tangu nirudi nimewatafuta wanafunzi wangu wa mwaka ule. Sita wamejibu, akiwamo yule wa rula. Kila mmoja anasema si yeye.